Babati Baada ya Nukta Pacha

Kichwa cha ripoti ya mradi wa mwaka wa mwisho, kwa mwanafunzi wa shahada ya teknolojia ya habari, kina mwendo wake. Hiki nimekitunga mwenyewe kwa kuunganisha vichwa vya kawaida, kwa hiyo hakimsemi mtu: "Usanifu na Uundaji wa Mfumo wa Wavuti wa Kusimamia Mnada wa Mifugo: Uchunguzi Kifani wa Halmashauri ya Mji wa Babati." Kwenye ripoti zenyewe kichwa huwa cha Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya kufundishia vyuoni, tena kwa herufi kubwa tupu, juu ya jina la mwandishi na namba yake ya usajili. Kisome kwa sauti. Kinaanza na vitendo viwili vilivyogeuzwa kuwa nomino, usanifu na uundaji, hivyo hayupo anayesanifu wala anayeunda. Zinafuata "wa" nne mfululizo, kila moja ikizidi kumchelewesha ng'ombe. Mifugo inaingia mwisho kabisa, imechoka. Halafu nukta pacha. Halafu Babati.

Ifute Babati uweke Singida, au Kondoa, au Mbulu. Kichwa hakitikisiki. Ukiendelea hadi ndani ya ripoti, mara nyingi utakuta hata sura ya pili na ya tatu hazitikisiki. Mfumo umetajwa kabla ya nukta pacha, umekamilika, hauna shaka. Mji umetajwa baada yake, kama mahali pa kujaribia. Mpangilio huo wa maneno nauchukua kuwa ndio dai kuu la ripoti nzima, na dai hilo linatangulia utafiti wowote: jibu lipo, linatafutiwa mahali pa kuulizwa.

Sekondari tulizoeshwa kuigawa kazi ya fasihi katika fani na maudhui, na ndani ya fani tukahesabu muundo, mtindo, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha. Ripoti ya mradi haimo katika orodha ya tanzu tulizofundishwa, lakini fani inayo, tena iliyokaza kuliko ya ushairi wa arudhi. Ina mhusika mkuu na mhusika mwovu. Ina mandhari ya lazima. Ina milango ambayo ni sharti ipitiwe kwa zamu: utangulizi, mapitio ya maandishi, mbinu, uchambuzi na usanifu, utekelezaji na majaribio, hitimisho na mapendekezo. Huhakikiwa kwa alama tu, na alama hutazama kama mfumo unafanya kazi. Mimi nataka kutazama jinsi ulivyosimuliwa.

Babati inafaa kwa kazi hii kwa sababu ambayo wengi huipita. Ndiyo makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipomegwa kutoka Arusha mwaka 2002, na lami ya kutoka Dodoma kupitia Kondoa ilipokamilika mwaka 2018 mji ukawa njia panda ya kweli. Chuo kilichofungua kampasi hapo ni Chuo cha Uhasibu Arusha, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1990, ambacho pamoja na uhasibu hutoa shahada za teknolojia ya habari na sayansi ya kompyuta. Kwa Tanzania hilo si ajabu. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mashine hii iliingia kwetu kwa mlango wa hesabu, na hadi leo vyuo vya fedha na uhasibu ni miongoni mwa vinavyozalisha watengeneza tovuti. Kwa hiyo chuo kimoja kinamlea mwanafunzi anayefundishwa kuliheshimu daftari, na kinamlea mwenzake ambaye katika sura ya kwanza ya ripoti yake atalishitaki daftari hilo hilo. Sidhani kama huwa wanasomeana. Ubishi wangu wote na utanzu huu unatoka hapo. Ubishi huo haukihusu chuo kimoja: fani hii utaikuta Dar es Salaam, Dodoma, Mzumbe na ng'ambo ya mipaka.

Kuhusu muundo wa kozi yenyewe sina mengi. Shahada iko ngazi ya 8 katika mfumo wa tuzo za kiufundi unaosimamiwa na baraza la elimu ya ufundi, NACTVET; krediti 1 ni saa 10 za kujifunza; miaka 3 kwa kawaida hufika krediti 360. Maelezo ya kila somo huandikwa kwa sentensi zinazoanza namna moja, "mwishoni mwa somo mwanafunzi aweze...", kikifuata kitenzi kinachopimika: aeleze, achambue, aunde. Ni urithi wa Benjamin Bloom na wenzake wa mwaka 1956. Vitenzi hivyo vimepangwa kama ngazi, na tangu ngazi hiyo iliporekebishwa mwaka 2001 kuunda kumekaa juu. Kusikiliza hakumo, kwa kuwa hakupimiki. Tuendelee.

Sura ya kwanza ina kifungu kinachoitwa tamko la tatizo, na ndicho kifungu chenye nguvu za kifasihi kuliko vyote. Huanza na "kwa sasa". Kwa sasa shughuli zote hufanywa kwa mkono. Kwa sasa kumbukumbu huandikwa kwenye daftari. Kisha mashitaka: daftari hupotea, hulowa, huchanika, huchukua muda kulipekua, huwa halina nakala, na mtu yeyote anaweza kulisoma. Tazama sarufi. Karani anayeandika hatajwi, yupo katika kauli ya kutendwa tu: "huandikwa". Daftari ndilo linalotenda, na linalotenda ni maovu. Mhusika mwovu amepatikana, na kwa kuwa ni kitu, hakina wa kukitetea. Kinachonishangaza zaidi ni wepesi wa mashahidi. Sijaona tamko la tatizo linalotaja daftari fulani, la mwaka fulani, lililopotea siku fulani, na kilichotokea baada ya kupotea. Uovu wa daftari unajulikana tu, kama unavyojulikana wa fisi katika ngano.

Pembeni kidogo: hukumu ya aina hii nchini hapa iliwahi kuelekezwa upande wa pili. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta, baada ya kuchoshwa na hasara na matatizo ya mashine za Hazina. Wakati ule kompyuta ndiyo ilikuwa mshitakiwa, na karatasi ndiyo iliyoaminiwa. Anayeandika "kwa sasa" angefaidika akijua kwamba sasa zilishakuwa nyingi.

Ripoti iliyo makini huwa na kiambatisho. Baada ya dodoso na ratiba ya kazi hubandikwa picha ya waraka unaotumika katika "mfumo uliopo": ukurasa wa daftari la ushuru, au stakabadhi. Hubandikwa kama ushahidi wa upande wa mashitaka. Mimi husimama hapo muda mrefu kuliko kwenye sura yoyote, kwa sababu ukurasa huo una fani yake, na fani hiyo ni ya zamani sana. Luca Pacioli alipochapisha kitabu chake Venisi mwaka 1494, alieleza utaratibu ambao wafanyabiashara wa mji ule walikuwa tayari wanautumia: kila muamala uandikwe mara mbili, upande wa anayetoa na upande wa anayepokea, ili pande hizo zishuhudiane. Kurasa zina namba. Salio la ukurasa huu linapelekwa mbele, na ukurasa unaofuata unaanza kwa kulipokea, hivyo hakuna ukurasa unaoweza kunyofolewa bila jeraha kuonekana kwa jirani zake wawili. Stakabadhi zina namba za mfululizo, na ikiharibika moja haichanwi: inaandikwa kuwa imebatilishwa, inaachwa kitabuni pamoja na nakala zake.

Na kosa? Kosa linapigwa mstari mmoja, mwembamba, ili kilichokosewa kiendelee kusomeka. Tarakimu sahihi inaandikwa juu yake na mwenye kusahihisha anatia saini fupi. Kama kosa limeshapita ukurasa, haliguswi kabisa. Unaandikwa muamala mpya wa kulirudisha kinyume, nao unabaki. Katika sarufi ya uhasibu, kwa maneno mengine, kuna kuandika, kuna kusoma, kuna kuandika tena. Kufuta hakumo.

Sasa rudi sura ya tano, kwenye picha za mfumo wa mwanafunzi. Kuna jedwali la miamala ya mnada, mistari yenye kivuli na isiyo na kivuli kwa kupokezana, na mwishoni mwa kila mstari kuna vialama viwili. Kimoja penseli. Cha pili pipa la taka, jekundu. Ukibonyeza pipa, kidirisha kinatokea: "Una uhakika unataka kufuta?" Ukijibu ndiyo, mstari unaondoka na mingine inasogea kuziba pengo, kana kwamba ng'ombe yule hakuwahi kuletwa mnadani. Swali lile moja la kidirisha ndilo ukaguzi wote wa ndani wa mfumo. Mwanafunzi hakulitunga pipa hili kwa nia mbaya, amelirithi. Somo la kutengeneza tovuti zenye kanzidata hufundishwa kwa vitendo vinne, kuingiza, kusoma, kurekebisha na kufuta, na mradi unaokosa kimoja huonekana haujakamilika. Ukamilifu wa zoezi la darasani ukageuka kuwa sheria ya ushuru.

Baya zaidi halionekani kwenye picha. Katika kanzidata, jedwali la wafanyabiashara huunganishwa na jedwali la malipo kwa ufunguo, na mwanafunzi huulizwa na programu: mfanyabiashara akifutwa, malipo yake yafanywe nini? Chaguo jepesi, lisilotoa ujumbe wa kosa siku ya utetezi, ni kufuta kwa mfululizo. Futa mtu mmoja, na malipo yake yote ya miaka yote yanaondoka naye kimyakimya. Daftari lililolowa mvua linabaki na wino uliochuruzika. Hapa habaki hata wa kuulizwa.

Wapo wanaoliona. Mwanafunzi mzuri huongeza safu ya hali, mstari "ukifutwa" unabadilishwa hali tu na kubaki ulipo. Mzuri zaidi hutengeneza jedwali la pembeni linaloandika nani amegusa nini na saa ngapi. Inachekesha kwamba chombo ambacho waandika programu wenyewe wanakitegemea kutunza kazi yao, Git, alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, ni daftari la aina hii: hatua ya jana haifunikwi na ya leo, na anayerudi nyuma anaandika hatua mpya ya kurudi nyuma. Waliojifunza Git vizuri walijifunza uhasibu bila kuambiwa. Wasiojifunza wana folda tano, ya mwisho ikiitwa "final mpya kabisa 2".

Nisilipambe daftari kupita kiasi. Taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuhusu halmashauri zimerudia kwa miaka kutaja vitabu vya stakabadhi ambavyo havikuletwa kukaguliwa, na kitabu kisicholetwa hakina fani yoyote ya kuhakiki. Mashine za kukusanyia mapato zilipokuja, taarifa hizo hizo zikaanza kutaja mashine zilizokaa nje ya mtandao. Wizi ulihama na kifaa. Hoja yangu ni nyembamba: ripoti inalishitaki daftari kwa udhaifu wa karatasi, na inapojenga mbadala wake inautupa ule uimara wa kanuni ambao karatasi ilikuwa inaubeba. Imesoma jalada, haikusoma mistari.

Sura ya nne ina mchoro ambao kila mwenye shahada hii amewahi kuuchora. Sanduku kubwa ni mfumo. Ndani yake kuna mayai, kila yai kitendo: sajili mifugo, pokea ushuru, toa ripoti. Nje ya sanduku wamesimama watu wa njiti, kichwa duara, mwili mstari, na kutoka kwao mistari inaingia kwenye mayai. Namna hii ya kufikiri ilitokana na kazi ya Ivar Jacobson, Mswidi aliyekuwa Ericsson miaka ya 1980, na michoro yake ikaingia katika lugha ya pamoja ya uchoraji wa programu iliyopitishwa mwaka 1997. Ni mchoro mzuri, wenye nidhamu ya kuuliza nani anataka nini. Nidhamu yake ndiyo inayowaumbua wachoraji.

Hesabu watu wa njiti katika mradi wa mnada: msimamizi wa mfumo, karani, mfugaji, mnunuzi. Dalali yuko wapi? Mnadani ng'ombe huuzwa kwa macho, na bei huzaliwa kinywani mwa dalali, kati ya mkono wa muuzaji na mkono wa mnunuzi. Lakini dalali hana neno la siri, haingii kwenye mfumo, kwa hiyo hana njiti. Fani ina nafasi ya wanaoingia tu. Wenye mnada, wanaoujua, wamebaki nje ya ukurasa, mbali hata na wale waliosimama nje ya sanduku. Ripoti haisemi kwamba dalali hayupo, ila fani haina kiti cha kumkalisha.

Kisha fuata mistari ya msimamizi wa mfumo. Inaingia kwenye kila yai. Anasajili, anapokea, anarekebisha, anafuta, anatoa ripoti, anaunda watumiaji wengine na kuwaondoa. Huyu ndiye mhusika mkuu wa utanzu huu, na ukurasa wake wa mwanzo, ile dashibodi yenye visanduku vinne vya rangi na menyu nyeusi kushoto, hupewa picha ya kwanza na kubwa kuliko zote. Mwanafunzi wa uhasibu wa mwaka wa kwanza angeshtuka. Anafundishwa kwamba apokeaye fedha asiwe ndiye aandikaye hesabu, na aandikaye asiwe ndiye aidhinishaye. Katika mchoro wa mwenzake mikono mitatu imeunganishwa kwenye bega moja, na mtahini ametoa alama kwa kuwa hakuna mstari uliokatika.

Nafika sehemu ninayoipenda. Iko kati ya michoro na picha, wengi huifungua wakiutafuta ukurasa unaofuata: kamusi ya data. Ni majedwali makavu yanayoorodhesha kila safu ya kanzidata, aina yake, urefu wake, na kama inaruhusiwa kuwa tupu. Hakuna uandishi mkavu kuliko huu katika shahada nzima, na hakuna mahali ambapo mwanafunzi anafikiri zaidi, kwa sababu kila mstari ni uamuzi kuhusu kilichopo duniani na kisichopo.

Chukua safu ya namba ya kitambulisho cha taifa. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na huanza na mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Mwanafunzi anaona ni namba, anaipa aina ya namba kamili, tena ile kubwa kuliko zote katika programu ya kanzidata ya MySQL. Aina hiyo, hata ikiondolewa alama ya hasi, inaishia 18,446,744,073,709,551,615. Mtu aliyezaliwa mwaka 1990 ana namba inayoanza na 1990. Haitoshi. Kwa hesabu hiyo, anayeenea ni yule tu aliyezaliwa mwaka 1844 au kabla. Kanzidata iliyosanidiwa kwa ukali itakataa na kulalamika. Iliyolegezwa itaibana kila namba hadi ukomo wake, na wafugaji wote wa Manyara watakuwa mtu mmoja mwenye namba moja. Dawa ni kuiandika kama maandishi, si kama namba, kwa kuwa hakuna anayejumlisha vitambulisho. Namba ya simu ina kisa hicho hicho kwa udogo: iweke kama namba, sifuri ya mwanzo inadondoka, na simu haiendi popote.

Au chukua swali la utupu. Safu ya simu ya mfugaji: inaruhusiwa kuwa tupu? Mwanafunzi anaandika "hapana", kwa sababu baadaye mfumo utatuma ujumbe mfupi. Kwa neno hilo moja, mzee aliyeleta mbuzi wawili bila simu hawezi kuingizwa, isipokuwa karani atunge namba. Na karani atatunga. Sifuri kumi zitaingia, kisha zitaingia tena, na ripoti ya mwezi itaonyesha kwamba mtu mmoja mwenye simu ya sifuri kumi ndiye mfugaji mkubwa wa wilaya. Sera imetungwa kwa kisanduku kimoja cha kutia alama, na aliyeitunga ana miaka 22.

Halafu rangi. Katika kamusi ya data rangi ya mnyama ni maandishi, urefu 50, hiari. Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya mwaka 2010 imeleta alama na hereni, lakini ng'ombe huko minadani bado anatambuliwa kwa rangi, mabaka, umbo la pembe na chapa, na jamii za wafugaji za mkoa huu zina msamiati wa rangi ambao mjini hatuna hata robo yake. Herufi 50 zingeweza kubeba utajiri huo. Picha za sura ya tano zinaonyesha kilichobebwa: "nyeusi", "nyeupe", "abc".

Hizo data za majaribio zinastahili aya yake. Mfumo unapopigwa picha lazima uwe na kitu ndani, basi mwandishi anaujaza usiku wa kuamkia kwenda stesheneri kubaindi. Wakazi wa mfumo ni Juma Juma, Test Test, John Doe. Ng'ombe ni mmoja, bei 1000. Nukta pacha ilituahidi Babati. Hapa, pahali pekee ambapo Babati ingeweza kuonekana kwa jina la kijiji, kwa uzito, kwa bei ya msimu, amekuja kukaa Mmarekani wa kubuni. Kama ningeruhusiwa kuusoma ukurasa mmoja tu wa ripoti ili nijue kama mwandishi alifika mnadani, ningeusoma huu.

Kuhusu mpangilio wa sura: mahitaji, usanifu, uandishi wa programu, majaribio, matumizi, kila hatua ikimimina kwenye inayofuata. Sura ya tatu huiita mbinu ya maporomoko na kuinukuu makala ya Winston Royce ya mwaka 1970. Royce alichora mchoro ule, kweli, lakini akasema papo hapo kwamba kuutekeleza hivyo ni hatari na kunakaribisha kushindwa, na sehemu kubwa ya makala yake ni jinsi ya kurudi nyuma. Jina la maporomoko halimo humo. Wanafunzi wengi wanajua hili siku hizi, ndiyo maana sura ya tatu imeanza kudai mbinu nyepesi ya mizunguko mifupi. Ila muundo wa ripoti unabaki ule ule, sura baada ya sura kuteremka, na msomaji haoni mzunguko hata mmoja: wapi mwandishi alikosea, karani alisema nini alipoonyeshwa, kipi kikavunjwa. Fani imepiga mstari mnene juu ya makosa yake. Si ule mwembamba.

Sura ya sita. Hitimisho linasema malengo yote yametimia. Mapungufu yanatajwa, na ni matatu ya kudumu: muda, fedha, intaneti. Hakuna pungufu linalohusu uelewa. Mapendekezo yanataka toleo lijalo liwe na programu ya simu na malipo ya simu, na yanaiomba halmashauri iutumie mfumo. Ombi hili linasomwa na nani? Halmashauri hukusanya mapato kwa mifumo inayotoka juu, na malipo ya serikali hupita kwa namba za kumbukumbu za malipo. Tangu Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, mifumo ya taasisi za umma inatakiwa kufuata viwango vya mamlaka husika. Mfumo wa mwanafunzi unaishi katika kompyuta mpakato yake, kwenye anwani ambayo kila kompyuta hujiita yenyewe, na utetezi ukiisha kwa kawaida haukai kwenye seva yoyote. Msomaji wa kweli wa ripoti ni mtahini, na Babati imetajwa mbele yake kama shahidi asiyeitwa.

Shahidi huyo angeweza kuitwa bila gharama kubwa. Siku ya utetezi, kabla watahini hawajauliza kuhusu usalama wa neno la siri, karani wa mnada angepewa swali la kwanza, na naamini lingekuwa fupi: "Nimeandika ng'ombe wawili badala ya mmoja, hela nimeshapokea, stakabadhi nimeshatoa na mwenyewe ameshaondoka. Nibonyeze wapi?"